Baridi ya Ughaibuni Isimuliwe kwa Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba aisifuye mvua imemnyea. Methali hii inamwekea kila msimulizi sharti moja, nalo ni kwamba awe amekionja kile anachokizungumzia. Katika Kenya ya leo wapo wanafunzi na wasomi wa Kiswahili walionyewa si na mvua tu bali na theluji pia. Wamekwenda Leipzig, Bayreuth na kwingineko kwa masomo ya uzamili na uzamifu, au kwa mipango ya kubadilishana wanafunzi. Wamekaa huko muhula mzima wa baridi, kisha wakarejea na vyeti vyao. Ajabu ni kwamba sharti la methali wamelitimiza barabara, ila usimulizi wenyewe haujasikika. Na pale unaposikika, mara nyingi husikika kwa Kiingereza. Makala haya yanashikilia kwamba kimya hiki kinaidhuru lugha ya Kiswahili, na kwamba kabla ya kuidhuru lugha humdhuru kwanza mwanafunzi mwenyewe.

Ili hoja hii ieleweke, na itazamwe siku moja ya mwanafunzi huyo. Mjini Leipzig, mwishoni mwa mwezi wa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua mnamo saa kumi. Mchana wote ni wa takriban saa nane, na aghalabu hata hizo hupita chini ya wingu zito. Mwanafunzi huamka gizani. Huvaa fulana, sweta, kabuti, skafu, glavu na kofia ya sufi ndipo athubutu kutoka. Akifika darasani, ambako vipasha-joto vya ukutani vimewashwa, hana budi kuyavua yote hayo na kuyatundika, kisha ayavae tena baada ya saa moja na nusu, kipindi kinapokwisha. Njiani hujifunza upya kutembea, tena kwa hatua fupi, kwa kuwa theluji iliyokanyagwa jana na kuganda usiku ni utelezi mtupu. Mbele ya kila nyumba huwaona watu wakiikwangua theluji kwa mabeleshi na kumwaga changarawe, maana kanuni za miji ya huko zinawabebesha wenye nyumba au wapangaji wao jukumu la kuisafisha njia ipitayo mlangoni pao. Bwenini naye hufundishwa kuyafungua madirisha kwa dakika chache kila siku, hata kukiwa na baridi ya kukata maini, ili unyevu utoke na kuta zisiote kuvu.

Mambo haya ni madogo na mgeni huyazoea. Zito zaidi ni lile linalohusu lugha yenyewe. Mwanafunzi wa lugha akienda ugenini hutarajiwa ajifunze lugha ya wenyeji. Na lugha, kama ijulikanavyo, haikai vitabuni bali hukaa kwa watu. Wakati wa joto watu wa Leipzig wako nje. Hujaa bustanini, ukingoni mwa mito na katika viti vya mikahawa vilivyopangwa barabarani, na mgeni anaweza kuokota maneno kama mtoto anavyookota maembe chini ya mwembe. Baridi ikiingia, lugha nayo huingia ndani na mlango ukafungwa. Mwanafunzi asiye na jamaa wala mwaliko hutoka darasani akaenda bwaloni, akatoka bwaloni akaenda maktabani, na kutoka maktabani akarudi chumbani. Siku kadhaa zaweza kupita bila ya yeye kutamka sentensi moja ndefu, iwe ya Kijerumani au ya Kiswahili.

Hapo ndipo simu ya nyumbani inapokuwa tegemeo. Lakini hata simu ina shida zake. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wajerumani hurudisha saa zao nyuma, na tofauti baina yao na Kenya, ambayo wakati wa joto ni saa moja, huwa saa mbili. Mwanafunzi akimaliza shughuli zake saa mbili usiku, kwao Nyandarua ni saa nne na mama amekwisha kulala. Wakibahatika kupatana mwishoni mwa wiki, mazungumzo huwa mafupi.

“Kuna baridi huko, mwanangu?”

“Kali sana, mama.”

Basi, yamekwisha. Yote yaliyokwisha kutajwa, yaani giza la asubuhi, utelezi, mabeleshi na madirisha, hufupishwa kwa maneno mawili. Jioni hiyohiyo mwanafunzi huwaandikia marafiki zake ujumbe wa kurasa mbili kwa Kiingereza, wenye vichekesho, masikitiko na tafakuri. Mama aliyeuza viazi ili mwanawe asome amepewa maneno mawili, na lugha ambayo mwanawe anaisomea haikupewa hata hayo. Swali la kujiuliza ni hili: ikiwa mtaalamu mtarajiwa wa Kiswahili hawezi, au hataki, kuyasimulia maisha yake ya kila siku kwa Kiswahili, ni nani atakayeweza?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyaeleza majira hayo. Dai hili halina mashiko. Theluji ni ile iangukayo kutoka angani. Barafu ni maji yaliyoganda. Sakitu ni ule weupe unaotanda juu ya majani alfajiri. Maneno yapo, ila hutumiwa ovyo kwa sababu wengi wanaoyatumia hawajapata kuviona vitu vyenyewe vikiwa pamoja. Aliyeishi na vyote vitatu kwa miezi minne ndiye awezaye kuonyesha kwa mifano mahali neno moja linapokoma na jingine linapoanzia. Hiyo ni kazi ya kileksikografia, na hakuna kamusi iwezayo kuifanya bila ya shahidi.

Zaidi ya hayo, baridi hufichua mambo ya lugha ambayo mtu hawezi kuyaona akiwa nyumbani. Chukulia hesabu ya saa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kulipokucha, na ukaribu wa ikweta huifanya hesabu hiyo iwe kweli mwaka mzima, ikipishana na jua kwa dakika chache tu. Msemaji anapotaja saa moja asubuhi nchini Kenya, anataja saa na nuru kwa pamoja. Huko Leipzig mwezi wa Desemba, saa moja asubuhi ni usiku wa manane kwa macho, na saa kumi na moja jioni haina jioni ndani yake. Mwanafunzi atokaye Lamu, ambaye ni Mwislamu, huliona jambo hili kwa njia nyingine: adhuhuri, alasiri na magharibi zote humwingilia ndani ya takriban saa nne, kwa sababu majina hayo hufuata jua, hayafuati saa ya ukutani. Kumbe Kiswahili kina hesabu mbili za wakati, moja ya saa na nyingine ya jua, ambazo pwani ya Afrika Mashariki hutembea bega kwa bega hata zikadhaniwa kuwa moja. Baridi ya Ulaya huzitenganisha. Je, hili si suala la semantiki linalostahili tasnifu?

Hali kadhalika majina ya majira. Wapo wafasiri waliozoea kuyaita majira ya baridi ya Ulaya kwa jina la kipupwe. Kwa Waswahili wa pwani, kipupwe ni wakati wa ubaridi wa kiasi, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, mtu anapopumzika kutokana na joto. Neno hilo limebeba faraja. Januari ya Leipzig haina faraja hiyo, tena hukuta pwani ikiwa katika joto la kaskazi. Mfasiri anayeandika kipupwe humpa msomaji wa Lamu mwezi usio wake na hisia isiyokuwemo katika matini. Huenda ikawa afadhali kusema majira ya baridi, waziwazi, na kipupwe kikaachiwa wenyewe. Huenda pia wengine wakapinga. La muhimu ni kwamba mjadala huu uendeshwe na watu walioijua baridi hiyo kwa miili yao.

Isitoshe, usimulizi wa aina hii si jambo geni katika Kiswahili. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili mjini Berlin mapema katika miaka ya 1890, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1887. Aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na za mji huo, nazo zikachapishwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa C. G. Büttner. Selim bin Abakari, Mngazija, alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yakatoka mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten. Ni kweli kwamba maandishi haya yalitakiwa na Wajerumani kwa haja zao, kwani chuo kile kiliwaandaa maafisa wa ukoloni. Hata hivyo, ukweli huo unaongeza uzito wa hoja. Ikiwa watu wale, chini ya mabwana wasiowachagua, waliweza kuiona Ulaya kwa macho ya Kiswahili na kuiandika, msomi wa leo aliye huru ana udhuru gani?

Kinyume cha mfano huo ni Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyefika Hamburg mwaka 1867 na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886, aliziandika kwa Kijerumani. Hakuna wa kumlaumu, maana aliwaandikia watu aliokuwa akiishi nao na watoto aliowazaa huko. Lakini matokeo yake ni kwamba mzaliwa wa Unguja huyasoma maisha ya mwenziwe kwa njia ya tafsiri. Hasara hiyo inaendelea kutokea kila mwaka, kwa kila mwanafunzi arudiye na shajara ya Kiingereza.

Pingamizi la pili ni kwamba hakuna msomaji wa Kenya atakayejali habari za theluji. Wanaosema hivyo wanasahau kwamba mtoto wa Kenya husoma habari za theluji tangu shule ya msingi, katika hadithi za Kiingereza, na wala haulizi zinamhusu nini. Amezoea kuamini kwamba theluji ni mali ya Kiingereza na jua ni mali ya Kiswahili. Mazoea hayo ndiyo hatari yenyewe. Lugha inayoachiwa kueleza minazi, majahazi na mawimbi tu itaishia kupendwa na watalii na kuachwa na wasemaji wake kila wanapopanda ndege.

Pingamizi la tatu ni la muda. Mwanafunzi ana tasnifu, ana mitihani, na pengine ana kazi ya kumsaidia kulipa kodi ya chumba. Hili ni kweli, na si la kupuuzwa. Lakini giza linaloanza saa kumi humpa mtu jioni ndefu asizojua la kuzifanyia, na upweke wa jioni hizo umewavunja moyo wengi. Kuandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili kila usiku hakumwondolei mwanafunzi baridi, lakini humpa mtu wa kuzungumza naye. Anayeandika kwa lugha yake huwa ameketi na msomaji wa kwao.

Wakati umewadia basi kwa idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi kuchukua hatua. Kwanza, kila mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda ng'ambo kwa mpango wa chuo atakiwe kuandika shajara ya Kiswahili, na ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake ya isimujamii au ya uandishi wa kubuni. Pili, majarida ya vyama yatenge kurasa kwa ajili ya nyaraka za ughaibuni. Tatu, wanaorejea wawasomee wenzao darasani walichokiandika, ili anayejiandaa kwenda asisikie habari za ada na viza pekee, bali ajue pia kwamba mwezi wa Januari ataweza kulia bila ya kujua sababu, na kwamba wengine walilia kabla yake. Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji wahadhiri watakaoamini kwamba maisha ya mwanafunzi ni maarifa.

Na iwapo mwanafunzi hajui aanzie wapi, aanzie kwa mama. Wakulima wa viazi wa Nyandarua wanaijua sakitu kuliko profesa yeyote. Wameamka mara nyingi wakakuta imeyaunguza majani ya shamba zima. Siku mwanafunzi atakapoacha kusema “kali sana” na badala yake akaeleza jinsi sakitu ilivyotanda juu ya kioo cha gari asubuhi, ikakwanguliwa kwa kipande cha plastiki, mama hatahitaji kufasiriwa. Atauliza kama huko nako inaunguza mashamba, na wenyeji hufanya nini ikiingia. Simu haitakatika baada ya maneno mawili.