Hofu Haifutwi Kama Ubao

Mwalimu mwanafunzi aendapo katika mazoezi ya kufundisha, haikosi kumkuta mtoto anayetetemeka kila aitwapo ubaoni. Walimu wengi humtendea mtoto huyo kwa njia mojawapo kati ya mbili: ama humwacha akae kimya mwaka mzima, ama humlazimisha kusimama mbele ya wenzake ili azoee. Sisi twaona kwamba njia zote mbili zina kasoro.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtoto aliyechapwa au kuchekwa mbele ya darasa haogopi mbao na chaki. Kwake ubao umekuwa dalili ya maumivu na aibu. Akiuepuka hupata nafuu papo hapo, lakini nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu, kwa kuwa hapati nafasi ya kuona kwamba dalili yaweza kuja bila madhara. Dalili ikija mara nyingi bila madhara, hofu hufifia. Juu ya msingi huo imejengwa tiba ya wasiwasi ambayo humwongoza mtu kukikabili anachokiogopa, hatua kwa hatua.

Mfano mashuhuri ni kazi ya Mary Cover Jones, iliyochapishwa Marekani mwaka 1924. Mtoto aliyeitwa Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3, alimwogopa mno sungura. Sungura aliwekwa mbali, ndani ya tundu, huku mtoto akila chakula alichokipenda, kisha akasogezwa kidogo kidogo. Pengine waliletwa pia watoto wasiomwogopa sungura, Peter apate kuwatazama. Katikati ya kazi hiyo Peter aliugua, akawa hayupo kwa miezi 2. Na alipotoka hospitali mbwa mkubwa akamtisha. Hofu ikarudi. Jones alianza tena kwa subira, na mwishowe Peter alimwacha sungura agugune vidole vyake.

Kurudi huko kwa hofu ndiko kunakotuhusu zaidi. Watafiti, akiwemo Mark Bouton wa Marekani, wameonyesha kwamba hofu iliyofifia huweza kurudi muda ukipita, mahali pakibadilika, au madhara yakitokea upya. Maana yake ni kwamba somo la kwanza halikufutwa. Mtoto amejifunza somo la pili, la usalama, ambalo hushindana na lile la kwanza, na ambalo hushikamana sana na mahali lilipofundishwa.

Basi yatupasa kupanga hatua. Mtoto aanze kujibu akiwa ameketi. Kisha aandike ubaoni pamoja na mwenzake. Kisha peke yake, neno moja, halafu sentensi. Afanye hivyo katika Hisabati na katika Kiswahili, mbele ya mwalimu huyu na yule, ili usalama usiwe wa chumba kimoja tu. Na baada ya likizo, akitetemeka tena, tusimwite mvivu wala mkaidi. Turudi hatua moja nyuma, tuendelee.

Wapo watakaosema kwamba darasa lenye watoto wengi haliruhusu uangalifu wa namna hii. Twajibu kwamba kuandika neno moja ubaoni hakuchukui hata dakika 2, ilhali mtoto aliyeachwa nyuma kwa hofu huchukua miaka kumrudisha.

Hata hivyo, hatua hizi zote ni bure iwapo fimbo na kicheko vingali vinamngoja mtoto ubaoni. Kumwita mbele kisha kumchapa kwa kukosea si kumzoesha; ni kumfundisha upya somo lile lile la hofu. Mwalimu si tabibu, na mtoto ambaye wasiwasi wake wamzuia kula, kulala au kuja shuleni apelekwe kwa wataalamu wa afya. Lakini kuhakikisha kwamba kosa la ubaoni linasahihishwa bila kipigo wala dhihaka ni kazi yetu wenyewe, na hatuwezi kumwachia mtu mwingine.