Mama anachimba, wewe unauza!

Ndugu yangu wa kijiweni, uwe Manzese, Tandika au Mwanjelwa, weka chini kikombe cha kahawa unisikilize. Umezoea kuona vigogo tu wakichapwa katika ukurasa huu. Leo nao watachapwa, lakini na wewe hutoki salama.

Nenda Dodoma vijijini. Mvua kule ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 au 600 kwa mwaka. Siku hizi inakuja ikijisikia, kisha inakatika mahindi yakiwa kwenye mbelewele. Nani anapambana na balaa hili? Si mkubwa ndani ya shangingi. Ni mama! Ameacha mahindi, kapanda mtama mfupi wa Macia unaowahi kukomaa, na tangu alfajiri anafukuza kwelea kwelea kwa makelele. Anachimba mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hukohuko: futi moja kwenda chini, samadi ndani, mbegu juu, ili mvua ikikatika unyevu ubaki. Shimo mojamoja, kwa jembe la mkono, shamba zima! Anachagua machipukizi ya visiki vya zamani, anayalinda yawe miti. Wenyewe wanaita kisiki hai. Hicho hakikui kwa msimu mmoja, kinataka miaka.

Sasa niambie: miaka hiyo yote, shamba ni la nani?

Mama yangu mdogo alichimba misimu minne. Ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu ikaanza kushika maji. Mumewe akafariki. Kabla hata ya arobaini mashemeji wakaitisha kikao: ardhi ni ya ukoo, wewe ni wa kuja tu. Shamba akapewa kijana wa ukoo anayeishi mjini, kijana kama mimi na wewe. Akaliuza, akanunua bodaboda. Pikipiki yenyewe imeshakufa injini.

Na waheshimiwa je? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Safi! Lakini amri ya sheria za mila ya 1963 ilitamka kuwa mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, eti fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mimi niliyeishia kidato cha nne naona wazi sheria hizi mbili zinagombana. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba huo ni ubaguzi, ikakataa kuifuta amri hiyo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaiambia serikali irekebishe. Kuanzia 1963 hadi 2015, jamani, kigumu kilikuwa nini? Wakitaka kupitisha muswada wao, mbona unapita mbio mbio? Tabianchi kwao ni semina, posho na fulana.

Lakini kikao cha urithi hakiitishwi na waziri. Utapigiwa simu wewe: njoo, baba yako mkubwa amefariki, shamba lako lipo. Utamkuta mjane kakaa pembeni, viganja vimechubuka, hajaulizwa neno. Halmashauri ya kijiji itataka jina la kuandika kwenye hati ya kimila. Utalitaja la nani?