Timu ya taifa inapita Ngara bila kushuka

Kijana mwenzetu, kijiweni unabishana Simba na Yanga mpaka sauti inakauka. Haya, jibu hili: timu gani ya Tanzania ilikwenda Kigali Juni 2019 ikarudi na kombe? Kimya! Ni akina dada wa kriketi. Mwaka 2022 wakaenda tena, wakalibeba tena.

Mashindano hayo yanaitwa Kwibuka, maana yake kukumbuka. Yalianza 2014, miaka 20 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Safari yenyewe ni fupi, mechi juu ya mechi, halafu nyumbani. Mwaka 2019 Fatuma Kibasu aliwachapa Mali mikimbio 108 bila kutolewa, Mali wakaambulia 17 timu nzima. Watu wakawacheka Mali. Sisi hatucheki. Wao walitoka mbali kuja kujifunza.

Sasa chukua ramani. Barabara ya Dar kwenda Rusumo inapita Biharamulo pale Nyakanazi na Lusahunga, inaingia Ngara, inapita Benaco. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Kutoka Rusumo hadi Kigali hazifiki hata 200. Kwa mtoto wa Ngara, uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa 2017, uko jirani. Gymkhana ya Dar ndiyo ng'ambo!

Na wenzetu wa ng'ambo ya daraja hawakuzaliwa na gongo mkononi. Kriketi iliingia kwao na watu waliorudi kutoka uhamishoni, wengi wakitokea Uganda na Kenya. Januari 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini, wakawafunga Zimbabwe, kisha West Indies. Umesoma vizuri: West Indies.

Kama kuna Watanzania wanaolijua jina hilo la Kwibuka mpaka mifupani, ni watu wa Ngara. Mwaka 1994 waliona maiti zikiteremka na mto Kagera. Kuanzia Aprili 28, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Mashamba yakawa kambi, misitu ikawa kuni. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na magari ya wafadhili yakafuata njia. Mwananchi akabaki na visiki.

Leo timu inayovaa bendera yake inakwenda kucheza mashindano ya kumbukumbu hiyo hiyo, jirani na mlango wake, naye hana habari. Hiyo timu ni ya taifa lipi? Ya Upanga na Kinondoni?

Tusidanganywe kwamba hakuna fedha. Hatuombi uwanja wa mabilioni, wala hatuombi semina ya vigogo na posho zake. Tunaomba siku mbili. Timu ikirudi Kigali na kombe au bila kombe, ipitie Rusumo kwa basi. Ilale Ngara siku moja, Biharamulo siku moja. Uwanja wa shule unatosha, mkeka unatandikwa juu ya udongo, gongo kumi na mipira vinaachwa kwa mwalimu wa michezo. Msichana mmoja mwenye mkono akionekana, apewe nauli ya kuja kwenye majaribio.

Chama cha Kriketi na wizara yenye dhamana ya michezo watuambie ni safari ipi watafanya hivyo. Tunasubiri tarehe.