Soulcalibur Si Kumbukumbu za Wazee

Wasee, tuache hii hadithi ya kusema eti anayependa gemu ya zamani analilia utoto wake. Soulcalibur ilitoka 1998 kwa mashine za arcade, ikaingia Dreamcast 1999. Mimi hata sikuwa nimezaliwa. Sasa utoto gani huo ninalilia?

Naipenda juu inakulazimisha kufikiria. Kila mtu ana silaha yake. Kilik ana fimbo ndefu, anakuchapa ukiwa bado mbali. Taki ana panga fupi, lazima aingie ndani kabisa ndiyo akuumize. Hiyo nafasi iliyo kati yenu ndiyo vita yenyewe.

Halafu kuna wale wa "aah, hiyo ni ya kufinya pedi ovyo." Kweli? Pigo la kutoka juu kwenda chini ni kali, lakini nikihepa pembeni linakata hewa. Pigo la kufagia linamnasa anayehepa, lakini likija juu juu, akichuchumaa linampita. Na kuna Guard Impact: unaisukuma silaha ya mwenzako wakati ule ule inakufikia. Endelea kufinya ovyo, utarushwa nje ya ulingo. Na ukianguka nje raundi imeisha, hata kama damu yako bado imejaa.

Hapo ndipo utamu uko. Mkiwa wawili mbele ya skrini moja, hakuna kusingizia intaneti, hakuna kusingizia refa. Umepigwa kwa sababu mwenzako amekusoma. Sisi vijana tunaambiwa kila siku mambo ni kujuana. Mahali ambapo mjomba wako hawezi kukupigia simu ni mahali pa heshima.

Ndiyo maana hii tabia ya kuuza wahusika kando inaniudhi. Kwenye Dreamcast, wahusika waliofichwa uliwapata kwa kucheza. Ikafika Soulcalibur VI, 2018: Tira, ambaye tulimjua tangu ya tatu, anauzwa kando kuanzia siku ya kwanza. Yaani umenunua gemu, na bado mwenye pesa zaidi ana chaguo zaidi. Si hiyo ndiyo dunia tulikuwa tunaikimbia?

Kwa hivyo usiniambie gemu ni kali juu picha zake zinang'aa. Shika pedi, chagua silaha, tuone.