Chema Chajiuza, Lakini Jirani Amesikilizwa?

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa methali hii wapo wanaoibeza taaluma ya uhusiano mwema, wakidai kwamba ni ufundi tu wa kupaka rangi ukuta uliooza. La kusikitisha ni kwamba hata baadhi ya wanafunzi wanaoisomea hudhani kazi inayowangoja ni kumsifu mwajiri. Safari ya kitaaluma ya mmoja wa walimu mashuhuri wa somo hili inaipinga dhana hiyo.

Profesa James Grunig, Mmarekani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Maryland tangu mwaka 1969 hadi alipostaafu mwaka 2005, hakuanzia katika ofisi za matangazo. Alisomea uandishi wa habari za kilimo, kisha uchumi wa kilimo, na baada ya kupata shahada ya uzamifu mwaka 1968 akaenda Colombia kuchunguza mawasiliano ya wakulima. Huko alibaini kuwa mipango ya maendeleo ilikwama mara nyingi, si kwa ukaidi wa mkulima, bali kwa namna mashirika yalivyozungumza naye. Mwaka 1984, yeye na Todd Hunt walichapisha kitabu kilichoainisha mitindo minne ya kazi hii: kupiga debe, kutoa habari, kuwachunguza watu ili kuwashawishi, na kusemezana nao, kila upande ukiwa radhi kubadilika.

Hebu tuipime mitindo hiyo hapa Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kiliacha machimbo makavu ya matumbawe. Mwaka 1971, Mswisi René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti humo. Mivinje ikastahimili, na majongoo wakasaga majani yake hadi yakawa udongo. Wageni walifunguliwa milango mwaka 1984, na mwaka 1987 Haller akatuzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Hapa chema kilijiuza kweli. Hakuna taarifa kwa magazeti ambayo ingaliotesha mvinje mmoja.

Hata hivyo, msitu ni jibu la swali moja tu. Mtindo wa nne unauliza jingine: je, mkazi wa Kiembeni au Utange akiwa na neno kuhusu vumbi, ajira au ardhi, lipo sikio la kumsikiliza, na likisikia, hubadilika nini? Swali hili lina uzito zaidi tangu kampuni ya Amsons ya Tanzania ilipokinunua kiwanda mwaka 2024. Mwenye mali amebadilika. Majirani ni wale wale.

Walimu wa somo hili hawana budi kuwatuma wanafunzi wao kwa majirani kabla ya kuwafundisha kuandika taarifa za kampuni. Afisa asiyeweza kumpelekea mkurugenzi malalamiko ya mwananchi, hata yanapouma, ni mpiga debe mwenye shahada.