Tujiandike Wenyewe Ramanini

Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Kinondoni, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, walichora mitaa yao katika OpenStreetMap, ramani ya intaneti iliyo wazi kwa wote. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliieneza kazi hiyo katika kata nyingine, ili hatari ya mafuriko ijulikane. Twawapongeza.

Lakini ramani ionyeshayo mfereji yaweza pia kumwonyesha mteja alipo seremala wa Keko au mama lishe wa Mbagala, wala kujiandika humo hakulipiwi. Wahenga walinena, chema chajiuza. Je, chema kilichofichika uchochoroni kitauzwaje?

Twawasihi wafanyabiashara wadogo wasingoje kuandikwa na wageni. Wajiandike wenyewe, tena kwa ukweli, maana ramani ya uongo humpoteza mteja na mwokozi pia.