Bunduki ya Mbao Si Ujambazi

Wadau, mwasema vijana wa Samburu twafunzana ujambazi kwa sababu tumeunda Lee-Enfield ya kuigizia. Hebu tuelewane. Kitako ni mbao ya mwarobaini, mtutu ni bomba la maji, na pale pa kukokea tumetia komeo la mlango. Haiui hata njiwa!

Kwa nini bunduki hii? Kwa sababu vita vya Mwingereza na Mjerumani vilipita hapa kwetu Kwale. Mwaka 1914 Wajerumani walishambulia Gazi, hapo Msambweni, wakazuiwa na askari wa King's African Rifles. Waafrika kwa maelfu wakabebeshwa mizigo, wengi wakafa kwa maradhi na njaa. Leo kijana wa Diani Gazi aijua kwa mikoko tu. Bunduki za sinema za Marekani azitaja zote, ya babu yake haijui.

Lakini nanyi mafundi wenzangu, sikizeni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamwadhibu hata anayefanya uhalifu kwa bunduki bandia. Na usiku polisi haoni mwarobaini, aona mtutu. Kwa hivyo mdomo upakeni rangi ya chungwa, njiani ifungeni guniani, na kipande cha bunduki ya kweli msikiguse kabisa. Mzaha wa barabarani waweza kumzika mtu.

Anayetaka kututukana, aanze kutuambia: babu yake alibebeshwa nini vita vile?